Baba Yuko Wapi Binti Akicheza?



Mtakatifu Marko atusimulia habari za Yairo, mkuu wa sinagogi, mtu mwenye cheo na heshima katika mji wake. Siku moja mtu huyu alipita katikati ya msongamano wa watu, akaanguka miguuni pa Bwana wetu Yesu Kristu, akamsihi sana. Hakuja kwa shauri la sinagogi wala kwa shauri la mali. Alikuja kwa ajili ya mtoto wa kike mwenye umri wa miaka 12. Na Mtakatifu Luka aongeza kwamba binti huyo alikuwa mtoto wake wa pekee. Tumezoea kuisoma habari hiyo kwa ajili ya mwujiza, na ndivyo ipasavyo. Lakini leo twataka kumtazama kidogo huyo baba. Angaliweza kumtuma mtumishi. Angaliweza kumwachia mama wa mtoto, kama wafanyavyo wengi wetu yanapotokea mambo ya mtoto wa kike. Yeye alikwenda mwenyewe, akapiga magoti mavumbini mbele ya watu waliozoea kumwona ameketi mahali pa heshima. Naye Bwana Yesu alipofika nyumbani aliwatoa waombolezaji wote, akaingia ndani pamoja na baba na mama na wanafunzi watatu tu. Na mtoto alipokwisha kuamka, aliwaagiza wampe chakula.

Twaomba mwukumbuke umri huo wa miaka 12. Katika nchi yetu binti wa umri huo yuko karibu kumaliza shule ya msingi, na ndio umri ambao baba na binti huanza kupoteana ndani ya nyumba moja.

Jambo lenyewe huanza polepole. Alipokuwa mdogo alipanda magotini pa baba yake, akavuta ndevu zake, akaomba kuonja chai yake. Halafu siku moja huambiwa kwamba amekuwa mkubwa sasa, akakae na mama yake jikoni. Tangu hapo baba hana neno naye ila amri na hesabu. Leta maji ya kunawa. Kuku wamefungiwa? Ripoti ya shule i wapi? Ulikuwa wapi mpaka saa hizi? Binti hujibu ndiyo baba, hapana baba, kisha huondoka. Hapana ugomvi wo wote, na kwa kuwa hapana ugomvi, baba hudhani kuwa mambo ni mema. Heshima ipo, nasi twaisifu heshima. Mazungumzo ndiyo yasiyokuwapo. Ikitokea siku binti ana neno zito moyoni, hajui alipitishe wapi, maana njia iliyo kati yake na baba yake haijapitwa miaka mingi na majani yameiota.

Sisi mapadre twayajua haya. Mara nyingi mno tumeketi ofisini parokiani na baba ambaye machozi yamtoka, akisema, "Padre, mtoto huyu ninaishi naye nyumba moja, lakini habari hizi nimezisikia kwa majirani."

Njia hiyo yaweza kulimwa tena kwa namna nyingi, na sala ya jioni ya jamaa nzima ndiyo ya kwanza. Lakini leo twataka kusema juu ya namna moja ambayo akina baba wengi wameidharau, nayo ni kwenda kumtazama binti yako akicheza. Katika sala wote wawili hunyamaza mbele ya Mungu. Katika kazi baba huamuru na mtoto hutii. Mchezo peke yake huwapa kitu cha tatu, kitu kisicho amri wala kosa, ambacho wote wawili waweza kukitazama na kukizungumza kama watu wawili wapendao jambo moja.

Chukua mpira wa pete, ambao huchezwa karibu katika kila shule yetu. Baba aliyekulia katika kandanda akienda mara ya kwanza hataelewa kitu. Atamwona mtoto ameudaka mpira vizuri na njia i wazi mbele yake, naye hakimbii! Atauliza kwa nini. Hapo ndipo heri ilipo, kwani anayejua ni binti. Mfikirieni baba aliyempa mtoto wake jina la mama yake mzazi, naye kwa desturi humwita "mama". Njiani kurudi nyumbani amwuliza, "Mama, hivi refa alipuliza filimbi kwa kosa gani?" Naye binti amwambia, "Baba, yule alishika mpira zaidi ya sekunde tatu. Ukishika lazima utoe." Kisha atamweleza kwamba upande mmoja una wachezaji saba, na kila mmoja ana eneo lake asiloruhusiwa kulivuka, kwamba wawili tu katika saba ndio wanaoruhusiwa kufunga, kwamba mlinzi hana budi kusimama umbali wa sentimita 90 kutoka kwa mwenye mpira, kwamba senta huzunguka karibu kiwanja chote lakini haingii katika duara la goli. Mtoto aliyekuwa akijibu kwa neno moja sasa asema robo saa bila kukoma. Tena asema kama mwalimu, na baba yake ndiye mwanafunzi. Wako akina baba ambao hawajapata hata mara moja kufundishwa jambo lo lote na binti zao. Wajaribu. Heshima yao haitapungua. Itakuwa ya aina nyingine, yenye furaha ndani yake.

Twamjua seremala mmoja, baba wa mabinti watatu, ambaye majirani walizoea kumhurumia ati kwa kuwa hana mtoto wa kiume. Shule ya binti zake haikuwa na magoli ya maana. Zilikuwapo nguzo mbili zilizopinda, na pete moja imekatika. Seremala yule hakungoja kamati. Alikata nguzo mbili za mti mgumu, akaenda kwa fundi wa kuchomelea akapindisha nondo kuwa pete, upana wake sentimita 38. Binti yake wa pili ndiye aliyeshika futikamba. Baba alikuwa tayari kukata nguzo kwa mita 3 na sentimita 5, ambacho ndicho kimo cha pete kutoka ardhini, mtoto akamwambia, "Baba, na ile sehemu ya kuchimbia chini je?" Fundi wa miaka 20 alikumbushwa hesabu na mtoto wa darasa la sita, naye huisimulia habari hiyo kwa watu kila apatapo nafasi, akicheka. Gharama yake yote ilikuwa chini ya ile ambayo wengine huimaliza kwa vinywaji mwisho wa juma mmoja. Hatusemi hivyo ili kumkemea mtu. Walakini hesabu ni hesabu.

Lakini kabla baba hajafika kiwanjani, liko jambo moja ambalo ni yeye tu, pamoja na mama, awezaye kuliamua. Tazama saa kumi za jioni katika vijiji na mitaa yetu. Wavulana wako uwanjani. Wasichana wako kisimani, au bombani kwenye foleni ya ndoo, au wamebeba mdogo wao mgongoni, au wanachambua mboga. Twasema kwamba wasichana hawapendi michezo. Ukweli ni kwamba wengi wao hawana jioni. Mwalimu aweza kumwandika binti yako katika timu, lakini hawezi kumchotea maji. Baba akisema kwa sauti ya utulivu, "Leo na Alhamisi kaka yako atachota maji, dada yako ana mazoezi," atakuwa amempa binti yake kitu kikubwa kuliko jozi ya raba. Na yule kaka naye atakuwa amejifunza, bila hotuba, kitu kitakachomfaa siku atakapokuwa mume wa mtu.

Watainuka watu waseme kwamba michezo si kazi ya mwanamke, na labda watalitaja Kanisa. Ni kweli kwamba Papa Pius XI, katika barua yake ya mwaka 1929 juu ya malezi ya Kikristu ya vijana, alionya juu ya adabu ya wasichana katika mazoezi ya viungo, hasa pale wanapofanywa kuwa tamasha la kutazamwa na watu. Onyo hilo halikuwa la bure, na mzazi mwenye busara atazidi kuangalia mavazi yenye staha na watu wakaao kando ya kiwanja. Lakini kuonya juu ya adabu si kukataza mchezo. Mwezi Mei 1945 Papa Pius XII alizungumza kirefu na wanamichezo wa Italia juu ya mwili uliotengenezwa na Mungu ili uitumikie roho. Na tarehe 1 Juni 2018 idara ya Vatikano ihusikayo na walei, jamaa na uhai ilitoa andiko zima juu ya michezo, likiisifu kuwa shule ya mtu mzima, mwili na roho, kwa wanaume na wanawake. Mtakatifu Paulo, alipowaandikia Wakorintho ambao karibu na mji wao yalifanyika mashindano mashuhuri, hakuona haya kumfananisha Mkristu na mkimbiaji.

Katika nchi yetu wenyewe, Theresia Dismas alileta nishani ya fedha ya kurusha mkuki kutoka michezo ya Afrika iliyofanyika Brazzaville mwaka 1965, taifa likiwa changa. Na mwezi Oktoba 2022 wasichana wetu wa umri wa chini ya miaka 17 walicheza Kombe la Dunia huko India, wakawashinda Ufaransa kwa mabao 2 kwa 1, wakatoka sare na Kanada, wakafika robo fainali kabla ya kufungwa na Kolombia. Tumewataja ili kuwanyamazisha wasemao haiwezekani. Lakini baba asimpeleke binti yake kiwanjani kwa matumaini hayo. Katika maelfu ya watoto wanaocheza katika mashindano ya UMITASHUMTA na UMISSETA, walio wengi sana watakomea hapo hapo, na hapana hasara. Watakuwa walimu, wauguzi, watawa, wakulima, mama wa jamaa. Mchezo utakuwa umekwisha kufanya kazi yake kama uliwakutanisha na baba yao.

Hapa hatuna budi kumsema baba wa namna nyingine, ambaye huenda kiwanjani kweli kweli, na afadhali angekaa nyumbani. Yeye husimama mstarini akipiga kelele kupita mashabiki wote. Humtukana refa, ambaye pengine ni mwalimu wa binti yake. Mtoto akikosa goli humwita mvivu mbele ya wenzake, na njiani humhesabia makosa yake moja moja mpaka mlangoni. Baba huyu amebadili mahali pa amri tu; alizoea kuitoa sebuleni, sasa aitoa kiwanjani. Mtoto wake atajifunza kwamba pendo la baba hupatikana kwa mabao, na siku asipofunga atatafuta mtu wa kumpenda mahali pengine. Kama timu imefungwa, neno moja latosha: "Mmejitahidi, twende tukale." Agizo la Bwana wetu katika nyumba ya Yairo halikupita hapo: mtoto apewe chakula.

Sasa twafika kwenye neno lililo zito kuliko yote tuliyoyasema. Michezo ya watoto huongozwa na watu wazima, na katika watu wazima wamo walimu wema walio wengi, na wamo mbwa mwitu. Wasomaji wengi walisikia habari za Larry Nassar, daktari wa timu ya wasichana ya mazoezi ya viungo huko Marekani. Mwezi Januari 2018 alihukumiwa kifungo cha miaka 40 hadi 175 kwa kuwanajisi watoto waliopelekwa kwake kutibiwa. Zaidi ya wanawake na wasichana 150 walitoa ushuhuda katika shauri lile. Mara nyingine aliyafanya maovu yake mzazi akiwa katika chumba kile kile, akijikinga kwa mwili wake na kwa sifa ya udaktari wake. Na mmoja wa mashahidi, ambaye hakuwa mchezaji bali binti wa watu waliokuwa rafiki wa daktari huyo, alieleza kwamba angali mtoto wa miaka 12 aliwaambia wazazi wake jambo lililompata. Hawakumsadiki. Walimsadiki daktari.

Enyi akina baba, fikirini neno hilo. Umri ni ule ule wa binti Yairo. Mtoto alikwenda kwa wazazi wake, akasema, na neno lake likapimwa pamoja na neno la mtu mkubwa mwenye cheti, likaonekana jepesi. Kuwapo kwako kiwanjani ni kinga, hatukatai. Mtu mbaya humwogopa mtoto ambaye baba yake anajulikana kwa sura, anayeuliza timu italala wapi, nani mwalimu wa kike atakayesafiri nao, na mabweni yao yatafungwa saa ngapi. Ulizeni maswali hayo bila kuona haya kila timu inapokwenda kambini. Mwalimu mwema hatachukizwa. Lakini kinga iliyo kubwa zaidi ni ile njia tuliyoisema, ambayo imepitwa kila juma kwa maneno madogo madogo ya sekunde tatu na nguzo na refa. Binti aliyezoea kumsimulia baba yake kwa nini filimbi ililia, ataweza pia kumsimulia kwamba mtu fulani alimshika vibaya. Na baba aliyezoea kumsikiliza anapofundisha mchezo, atamsadiki. Akija na neno kama hilo, usimwulize alivaa nini. Usimwambie anyamaze kwa ajili ya jina la ukoo, wala kwa ajili ya jina la shule. Na iwapo mshitakiwa ni mtu wa Kanisa, usinyamaze kwa ajili ya jina la Kanisa. Shika mkono wake, nendeni pamoja na mama yake kwa polisi na hospitalini siku ile ile. Andiko lile la Vatikano la mwaka 2018 limesema waziwazi kwamba kumdhulumu mtoto katika michezo ni kumshambulia kiumbe aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu.

Baadhi ya wasomaji hutulalamikia kuhusu Dominika, kwamba michezo inawanyima watoto Misa. Malalamiko hayo ni ya haki, na walimu wanaopanga mazoezi saa mbili asubuhi siku ya Dominika yawapasa kuambiwa. Lakini mara nyingi saa hazigombani. Sisi ndio tunaogombana nazo kwa uvivu wa kuamka. Kobe Bryant, mchezaji mashuhuri wa mpira wa kikapu na Mkatoliki, baada ya kustaafu mwaka 2016 alijitoa kuifundisha timu ya binti yake. Dominika ya tarehe 26 Januari 2020, asubuhi na mapema, alikuwa kanisani parokiani kwake kabla ya kuondoka. Baadaye asubuhi ile helikopta ilianguka njiani kuelekea mchezoni. Akafa yeye, na binti yake wa miaka 13, na watu wengine saba. Hatumfanyi mtakatifu, maisha yake yalikuwa na mabonde yake. Twasema tu kwamba mtu aliyekuwa na shughuli kuliko wengi wetu alipata nafasi ya kanisa na nafasi ya binti, siku moja, kabla ya saa nne.

Imebaki habari ya akina baba walio mbali, maana wengi wametuandikia. Mmoja huendesha lori kati ya Dar es Salaam na Tunduma. Mwingine yu mgodini huko Geita. Mwingine ni askari. Hawawezi kusimama mstarini Alhamisi jioni, na wasidhani kwamba maneno haya yamewaacha nje. Simu wanayo. Lakini wapigapo simu nyumbani huzungumza na mama juu ya ada na mahindi, kisha husema, "Nisalimie watoto." Msiwatume salamu. Ombeni mpewe binti mwenyewe, na swali la kwanza lisiwe la mtihani wala la nidhamu. Mwulizeni safari hii amepangwa nafasi gani, na nani alikuwa akimlinda, na kama yule refa wa juzi amerudi. Kisha ngojeni. Atakaa kimya kidogo mara ya kwanza, kwa sababu hajazoea, nanyi mtadhani mtandao umekatika, msikate simu.